Habari yako nzuri ila Google haiioni? Anza na bei ya mafuta

Waandishi wenzangu, tuchukue kitu kinachotukuta kila mwezi. Jumatano ya kwanza EWURA, wasimamizi wa nishati na maji Tanzania, wanatoa bei kikomo za mafuta, chumba cha habari kinakimbizana, halafu mtu anapandisha kichwa "Maumivu mapya kwa wenye magari". Kwenye gazeti la karatasi ni kitamu, picha ya pampu iko pembeni. Lakini mtandaoni bodaboda wa Mbagala hatafuti maumivu, anaandika "bei ya mafuta leo" au "bei ya petroli Dar", na kwenye habari yako hayo maneno ni ya kutafuta kwa tochi, umejaza "nishati hiyo" na "bidhaa hiyo" kwa sababu chuoni tulikatazwa kurudia neno.

Kwahiyo kabla hujaandika shika simu, andika Google neno la kwanza tu uone inavyomalizia yenyewe, kisha shuka mpaka chini kabisa ya majibu utaona watu wanatafuta nini kingine. Kama unasita kati ya "mafuta" na "petroli" ingia Google Trends, chagua Tanzania, yalinganishe. Neno linaloshinda likae mwanzoni mwa kichwa maana kikiwa kirefu mwishoni kinakatwa. Na kwa wanaotumia WordPress, programu jalizi nyingi za SEO (za kusaidia habari ionekane kwenye Google) zina sehemu ya kichwa cha pili kinachoonekana kwenye Google tu, hapo weka cha kutafutwa na "Maumivu" mwachie mhariri wako kama bila hicho hapati usingizi 😄

Sasa kosa kubwa kuliko yote, na hili tunalifanya karibu wote: kila mwezi ukurasa mpya. Mwaka ukiisha una kurasa 12 za bei ya mafuta zinagombania nafasi zenyewe kwa zenyewe kwenye Google, na msomaji anaweza kuletewa ya mwezi Machi wakati tuko Oktoba. Tengeneza ukurasa mmoja wa kudumu, anwani yake iwe fupi tu bei-ya-mafuta-tanzania, usiweke mwezi wala mwaka, kila Jumatano ya kwanza unaingia unabadilisha namba na unaandika juu imesasishwa lini. Habari ya siku hiyo iandike kama kawaida ila iwe na linki ya kwenda huko. Wakenya EPRA, wenzao wa EWURA, wanawatangazia tarehe 14, mchezo ni uleule, na matokeo ya mitihani ya NECTA pia. Ila usibadilishe tarehe tu huku namba ni za zamani, huo ni utapeli na Google wenyewe wamekataza.

Halafu jamani ile PDF ya bei msiipige picha mkaipandisha kama ilivyo! Andika jedwali kwa maandishi, Dar, Tanga, Mtwara, mikoa yote, Google isome na mwenye simu ndogo naye asome bila kuvuta kwa vidole. Picha ya kawaida iwe na upana wa pikseli 1200 kwenda juu kama unataka Google Discover (zile habari Google inazokupendekezea kwenye simu bila kutafuta) waikuze, ila ipunguze uzito, bando la watu si lako.

Lile boksi la maneno muhimu (meta keywords) mnalojaza maneno 40 liacheni, Google walisema tangu 2009 kwamba hawalitumii. Na ukibadili anwani ya habari ambayo ishasambaa WhatsApp mwambie fundi aweke 301, yaani anayebonyeza anwani ya zamani apelekwe kwenye mpya, la sivyo wote wanaobonyeza wanaangukia ukurasa mtupu.

Baada ya wiki fungua Search Console, ya Google inayoonyesha watu waliandika nini ukatokea, ni ya bure, angalia maneno ambayo umeonekana mara nyingi ila waliobonyeza wachache. Mimi nilikuta watu kibao wanatafuta mafuta ya taa na sisi tulikuwa tumeyapa sentensi moja kule mwishoni kabisa, tukayapandisha juu siku hiyohiyo.