Mafuta "yasiyoshiba" na jua la barabarani

Ukipita barabara ya Dodoma kwenda Singida utaona madumu ya mafuta ya alizeti yamepangwa juani, yanang'aa kweli. Usichukue hayo, omba lililokaa kivulini.

Kwenye kemia haya ni mafuta yasiyoshiba, na si habari ya njaa. Kila chembe ya kaboni iliyomo kwenye mafuta ina mikono minne ya kushikana na chembe nyingine. Humu baadhi ya kaboni jirani zimeshikana kwa mikono miwili miwili, hivyo hazikubeba hidrojeni zote ambazo zingeweza. Karibu na kiungo hicho maradufu ndipo oksijeni huvamia, mwanga na joto vikiharakisha, mafuta yakaanza kunuka. Samli imeshiba zaidi, ndiyo maana huganda.

Nyumbani yahamishie kwenye chupa ndogo, zijae hadi shingoni, uzifunge na kuziweka kabatini.