SOMO: Kupima alichojifunza mwanafunzi kwenye kozi ya utafiti, shahada ya kwanza

Bakteria wa udongo wanaweza kugoma kuota kwenye sahani ya maabara ya mwanafunzi aliyefikiri vizuri kuliko darasa zima. Kwa hiyo pima anavyofikiri. Matokeo yenyewe yasibebe alama.

1. Andika malengo matatu au manne yanayoonekana kwa macho. "Ataelewa utafiti" halipimiki. "Ataeleza kazi ya sahani ya kulinganishia" (ile ambayo matokeo yake yanajulikana mapema) linapimika.

2. Wiki ya kwanza wape grafu ngeni: inaonyesha nini, na jaribio gani lifuate? Wiki ya mwisho toa grafu nyingine yenye ugumu uleule. Ukirudia ya mwanzo, unapima kumbukumbu.

3. Daftari la maabara ndiyo roho ya kozi. Likusanye wiki ya 3, 7 na 12. Linganisha hawa wawili, waliohesabu koloni (vishada vya bakteria vilivyoota) kwenye sahani; mzimuo 10⁻⁴ maana yake sampuli imezimuliwa mara 10,000:

A: "Sahani ya 3, koloni 47."

B: "Sahani ya 3, mzimuo 10⁻⁴, nimepaka ml 0.1, koloni 47, sawa na milioni 4.7 kwa ml. Sahani ya 4 (10⁻⁵) ina 6 tu. Siitumii, ni chini ya 30, chache mno kuaminika."

Wote wamehesabu sawa, lakini ni B pekee aliyekupa kitu cha kusahihisha.

4. Tengeneza jedwali la vigezo, ngazi 0 hadi 3, kila ngazi ikitaja kinachoonekana kwenye ukurasa. Maneno kama "vizuri sana" kila msahihishaji huyasoma kivyake. Kabla ya kuanza, wawili wasahihishe madaftari 5 yaleyale bila kuonana. Wakipishana ngazi 2, rekebisheni kigezo kwanza.

MASWALI

— Mkuu, nina wanafunzi 120. Nitayasoma saa ngapi?
Soma kurasa 2 kwa kila daftari, uzichague siku ya kukusanya. Wakizijua mapema watazipamba hizo tu.

— Kwenye kikundi kuna wanaobebwa. Tufanyeje?
Daftari liwe la kila mtu. Kisha mhoji kila mmoja dakika 5, umuulize kuhusu hatua aliyoifanya mwenzake: kwa nini ml 0.1? Aliyebebwa atakwama hapo.

— Na asiyepata koloni hata moja?
Angalia kama alikagua sahani ya kulinganishia, aliyopaka bakteria wanaojulikana. Kama hao waliota, agari (jeli ya kuoteshea) na joto havina kosa, arudi kwenye sampuli au mzimuo wake. Akiliandika hilo na kupanga jaribio la pili, mpe 3 kamili.