Unataka kazi ya uchumi wa maendeleo na mageuzi ya utawala Afrika? Anza kwa kufuata hela

Vijana wengi waliomaliza digrii ya uchumi swali lao la kwanza ni naingiaje Benki ya Dunia, na mi huwa nawaambia subiri kwanza, jifunze hela ya serikali inavyotembea kutoka hazina mpaka darasani, maana kazi yenyewe iko hapo.

Angalia Uganda. Mwaka 1996 ulifanyika utafiti wa kufuatilia ruzuku za shule za msingi, na wachumi Reinikka na Svensson wakaonyesha kwamba kati ya 1991 na 1995 shule zilipata wastani wa 13% tu ya ile ruzuku, nyingi ilibaki kwa wakubwa wa wilayani huko. Serikali ikaanza kutangaza magazetini kiasi kinachotumwa na mgao wa shule ukapanda sana (wataalamu bado wanabishana magazeti yalichangia kiasi gani, kwa sababu kulikuwa na mageuzi mengine muda huohuo, na ubishi huo usome vizuri kwa kweli, utakufundisha kutokukimbilia kusema sababu ni hii). Kilichofanyika pale ni kuchukua hesabu za wizara na kuzilinganisha na za shule, basi.

Sasa na wewe fanya hivyo. Kama uko Tanzania ripoti za CAG (mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali) zipo mtandaoni, chagua halmashauri moja, angalia imepata hati gani ya ukaguzi, safi au yenye mashaka, halafu chukua mradi mmoja uone ulitengewa shilingi ngapi, zikatoka ngapi na zilitoka lini. Ukikuta hela imeingia mwezi Juni na mwaka wa fedha unaisha tarehe 30 Juni utaelewa kwanini lile boma la zahanati halijaezekwa, na wala huenda hakuna aliyeiba. Andika kurasa mbili tu, lugha nyepesi, mtu wa mipango azisome akuelewe.

Masta utaihitaji, hilo halikwepeki. AERC ya Nairobi (muungano wa utafiti wa uchumi Afrika) ipo tangu 1988 na inaendesha masta na PhD kwa kushirikiana na vyuo vikuu vya Afrika, hata Benno Ndulu aliiongoza kabla hajawa gavana wa Benki Kuu ya Tanzania 2008. Ekonometria (yaani kupima mambo ya uchumi kwa takwimu) isome kweli kweli, pamoja na Stata au R, programu za kuchambua takwimu. Kifaransa nacho kinalipa, AfDB (Benki ya Maendeleo ya Afrika) makao yake Abidjan, Ivory Coast.

Kazi ya kwanza jamani msidharau ofisi ya mipango ya halmashauri au ya ukaguzi. Mageuzi mengi yameandikwa vizuri makao makuu yakafia pale kwa mweka hazina, mfumo mpya umeletwa lakini mtandao hamna au mafunzo yalikuwa ya siku mbili, na aliyekaa pale anajua kwanini. Ukiomba kazi, zile kurasa mbili ziambatanishe na CV.