Kuchagua vifaa vya kuhamishia mikanda ya VHS kwenye DVD

Pesa nyingi iweke kwenye deki. Picha ikitoka mbovu hapo, hakuna kifaa cha mbele kitakachoiponya. Tafuta deki ya S-VHS, yaani VHS ya ubora wa juu, yenye tundu la S-Video (hupitisha mwangaza na rangi kwa njia tofauti) na TBC, yaani saketi inayonyoosha mistari ya picha inayoyumba. Mikanda iliyorekodiwa Afrika Mashariki au Oman kwa kawaida ni ya mfumo wa picha wa PAL. Iliyotoka Marekani ni ya mfumo wa NTSC. Deki isiyosoma mfumo husika itatoa picha isiyo na rangi au inayoruka.

Kabla ya kuingiza mkanda, chungulia dirishani mwa kasha. Unga mweupe kingoni mwa utepe ni ukungu, na mikanda ya pwani hupata sana. Mkanda huo usiucheze: utachafua vichwa, yaani visomaji vya utepe ndani ya deki, na kuambukiza mikanda mingine. Vichwa vya deki visafishe kwa ngozi laini na spiriti ya isopropyl ya 99%, ukiishika ngozi imetulia huku ukizungusha ngoma, yaani silinda iliyobeba vichwa, kwa mkono. Ukisugua juu-chini utavivunja. Pamba ya masikio usitumie, nyuzi zake hunasa.

Kidude cha USB cha kunasia picha kiwe na S-Video pia. Sauti ipite kwenye waya mwekundu na mweupe. Vile vya bei ya chini kabisa mara nyingi hupoteza fremu, kisha sauti huachana na midomo.

DVD ya kawaida ni GB 4.7: saa 2 kwa takriban Mbps (megabiti kwa sekunde) 5. Ukijaza saa 4, picha huvunjika vijiraba.