Kabla Ununue Helmeti ya Nduthi, Angalia Haya

Mtu anatafuta pesa ya nduthi mwaka mzima, halafu helmeti anachukua ile ya kwanza anaonyeshwa Kirinyaga Road hapa Nairobi kwa sababu rangi imeshikana na tangi. Tafadhali usifanye hivyo.

Pima kichwa ukiwa bado nyumbani. Chukua tepu ya fundi wa nguo, izungushe juu kidogo ya nyusi, ipite juu ya masikio mpaka pale nyuma kichwa kimetokeza zaidi. Sentimita 57 au 58 kwa kampuni nyingi ni M, 59 na 60 ni L, lakini soma chati ya kampuni yenyewe maana M ya huyu si M ya yule. Wewe unayesuka, pima ukiwa na zile nywele unaendeshanga nazo. Ukivaa miwani, ibebe ukienda dukani.

Stika ya nyuma isikutulize, inachapishwa popote. Tafuta lebo imeshonwa kwenye mkanda wa kidevu, ina E ndani ya duara, na namba ya chini ikianza na 06 hicho ndicho kiwango kipya cha Ulaya, 05 ni cha zamani. Alama ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, pia iwepo.

Ya mtumba achana nayo. Ndani kuna ile foamu nyeupe ngumu, ikibonyea mara moja kwa ajali hairudi, na kwa nje huoni kitu.

Mpya lazima ikubane mashavu, usiogope, sponji hulegea kadiri unavyovaa. Funga mkanda, tikisa kichwa, ngozi ya mashavu isogee pamoja nayo. Halafu mtu aisukume kutoka nyuma kwenda juu, ikichomoka ni kubwa.

Sasa hili la paji la uso, naomba usiliruke. Mdogo wangu alijaribu yake dukani dakika moja tu, mashavu yamebanwa vizuri, haichezi, akalipa. Jumamosi akatoka kwenda Naivasha. Kufika Limuru paji linawaka moto, akavumilia, kupita Kimende akasimama akaivua na pale juu ya nyusi kulikuwa na alama nyekundu imekatiza paji lote, basi akaining'iniza kwa kiwiko akaendelea kichwa wazi akisema ataivaa akiona polisi. Mbele kidogo Probox ikakata ghafla kuchukua abiria, barabara ina maji, akaanguka na nduthi. Alishonwa juu ya sikio, na kiwiko kikavunjika pale pale helmeti ilikuwa. Nilimshika mkono wakimshona na mpaka leo nikiona mtu amebeba helmeti kwa kiwiko namsimamisha nimwambie.

Shida haikuwa saizi. Kuna vichwa virefu kutoka mbele kwenda nyuma na kuna vya mviringo, na helmeti pia ziko hivyo ndani. Chake ni kirefu, ile ilikuwa ya mviringo, kwa hivyo ilimfinya paji na kisogo huku pembeni kumebaki nafasi. Muuzaji atakwambia chukua XL, kataa, hiyo itaacha kuuma lakini itacheza. Tafuta modeli nyingine yenye umbo lako. Kama inakufinya juu ya masikio, wewe ndiye wa mviringo na hiyo ni ya kichwa kirefu.

Na utajuaje? Kaa nayo dukani nusu saa, mkanda umefungwa, piga stori, zunguka. Dakika tano za kwanza zinadanganya. Ukiivua angalia kioo, ukiona alama imejikusanya mahali pamoja na panauma, irudishe kwa shelfu. Muuzaji akinuna, hiyo barabara ina maduka mengi, songa la pili.

Kioo cheusi cha helmeti ni cha mchana pekee. Nunua na helmeti ya abiria, sheria inamdai yeye pia, na umfungie mkanda wewe mwenyewe kwa sababu wengi huiweka tu juu ya kichwa. Usiifute na petroli wala thina, inakula ganda. Ikianguka kwa nguvu au ikigonga kitu ukiwa umeivaa, badilisha, hata kama inaonekana nzima. Na ukienda safari ndefu na mpya, izoeshe kwanza hapa mjini, Ngong Road na kurudi, kabla uipeleke mbali.