Kabla Tingatinga Halijaingia Uwanja wa Shabaha

Klabu ya kulenga shabaha inapoamua kuinua tuta, kuezeka upya mstari wa kufyatulia au hata kuchimba choo, wanachama huuliza kwanza kama wataendelea kulenga upande ule mwingine. Jibu langu ni hapana. Mafundi wakiwa uwanjani bunduki zote zinyamaze, na jambo hilo liandikwe kabla mkataba haujatiwa sahihi.

Sababu ni masafa. Risasi ndogo ya .22, ambayo wengi huiona ya kujifunzia tu, inaweza kwenda zaidi ya kilomita moja na nusu. Ya bastola ya milimita 9 hukaribia umbali huohuo, na ya bunduki ya kuwindia hupita kilomita 3. Kinachozisimamisha mita 25 au 50 ni tuta la udongo, na mara nyingi tuta hilo ndilo linalobomolewa. Hata kibanda kinachojengwa nyuma ya walengaji hakimwokoi mtu: kibarua atavuka kwenda kuchota maji, lori litakosea njia, na aliyeziba masikio kwa sababu ya kelele za mashine hatasikia kipyenga.

Klabu isiyoweza kufunga kabisa inaweza kugawa siku, mafundi wafanye kazi Jumatatu hadi Ijumaa na walengaji waje wikendi. Mgawo huo hausimami bila makabidhiano. Ijumaa jioni msimamizi wa ujenzi ahesabu watu wake na athibitishe kwa sahihi kwamba hakuna aliyebaki, akiwemo mlinzi wa saruji anayelala kwenye kontena, kwa kuwa huyo ndiye husahaulika. Kisha ofisa usalama wa klabu akague tuta kwa miguu yake, na funguo za lango zibaki kwake peke yake hadi Jumapili, atakapohakikisha hakuna silaha wala risasi iliyosahaulika. Tuta likiwa limekatwa, wikendi hiyo hakuna kulenga, hata kama wageni wamekwisha kualikwa.

Kuna suala la rangi pia. Uwanjani bendera nyekundu humaanisha watu wanafyatua. Mafundi nao hupenda kufunga vitambaa vyekundu kwenye mitaro na nondo. Mkubaliane mapema watumie rangi nyingine, maana bendera ambayo watu wameizoea haimzuii mtu.

Hapa Kenya, karatasi za ujenzi zinajulikana: kibali cha kaunti, usajili wa mradi kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, na maelekezo ya NEMA, mamlaka ya kitaifa ya mazingira. Ongezeni barua kwa kituo cha polisi na kwa majirani, mkitaja siku za kufunga.

Linalonitia hofu zaidi ni udongo wenyewe. Tuta lililopigwa kwa miaka limejaa madini ya risasi (lead), ambayo ni sumu, na tingatinga likilifukua, vumbi lake huingia kifuani na kuganda kwenye nguo. Wakenya tuliona Owino Uhuru, Mombasa, jinsi kiwanda cha kuyeyusha betri kilivyowaachia wakazi sumu hiyohiyo, hadi mwaka 2020 mahakama ikaamuru fidia ya shilingi bilioni 1.3. Watoto ndio huumia zaidi, na kibarua anaweza kuwapelekea sumu hiyo kwa shati lake tu. Kwa hiyo udongo umwagiwe maji kabla ya kuchimbwa, wafanyakazi wapewe barakoa za kuchuja vumbi na mahali pa kunawa, wasile karibu na tuta, na nguo za kazi zibaki kazini. Udongo huo usiuzwe wala kutolewa bure kwa mtu wa kujaza kiwanja chake. Kama utabaki klabuni, ufunikwe kabla ya mvua za Machi ili usitiririkie mtoni.

Waambieni mafundi siku ya kwanza, kwa lugha wanayoielewa, kwamba wataokota maganda na pengine risasi nzima. Maganda huvutia kwa sababu shaba ina bei kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Risasi nzima mfukoni mwa asiye na kibali ni kosa la jinai, na ikichanganyika na vyuma vinavyokwenda kuyeyushwa inaweza kulipuka. Anayeiona asimame, asiiguse, na amwite ofisa usalama. Asiadhibiwe kwa kuripoti, la sivyo wa pili atanyamaza.

Ghala la risasi lihamishwe kabla ya welding na grinda kuanza. Sakafu ya mstari wa kufyatulia nayo isafishwe kwa maji, kwa kuwa baruti isiyoungua hukusanyika kwenye nyufa na cheche moja inatosha kuiwasha.

Tarehe ya kufungua msiitangaze mapema. Mkandarasi akimaliza, pekueni uso wa tuta mtoe mawe, vipande vya nondo na vya zege, kwa kuwa risasi ikigonga kitu kigumu hurudi. Angalieni kama tuta jipya limetitia baada ya mvua. Kisha walengaji wachache wazoefu wafyatue kwanza, njia moja baada ya nyingine, kila alama ya risasi ikaguliwe imeingilia wapi. Wanachama waitwe baada ya hapo.