Kuunganisha adungu na amadinda na gitaa la umeme

Shughulikieni sauti kwanza, mdundo utafuata. Adungu, kinubi cha Waalur wa West Nile, kaskazini-magharibi mwa Uganda, ndiyo rahisi: nyuzi zake hukazwa kwa vigingi, kwa hiyo ifuate kinanda na gitaa. Chagueni ufunguo mmoja, tuseme G, mkaze mkianzia uzi mnene. Nyuzi mpya za nailoni huvutika na kushuka kwa siku kadhaa, basi zifungeni wiki moja kabla ya onyesho. Kigingi kinachoteleza kipakeni chaki.

Amadinda, marimba ya vibao vya mbao ya Buganda, ni kazi nyingine. Oktavu yake ina hatua 5 zinazokaribia kulingana, kila moja kama senti 240 (senti ni kipimo kidogo cha tofauti kati ya sauti), ilhali nusu-toni ya kinanda ni senti 100. Hakuna ufunguo utakaokubaliana nayo kikamilifu. Msichonge vibao vya zamani, ni hasara. Agizeni seti mpya inayofuata kinanda, au nyamazisheni kinanda na gitaa amadinda inapoingia, zibaki besi na ngoma. Hii ya pili ni tamu zaidi.

Mpiga dramu amfuate omunazi, mpiga amadinda anayeanzisha. Akimfuata omwawuzi, mwenzake anayejaza katikati, kiki (ngoma ya mguu) itaangukia nafasi isiyo yake na bendi nzima itayumba.

Jukwaani, bandikeni piki-apu ya piezo, kinasa sauti kinachohisi mtetemo, kwenye adungu karibu na kijiti kinachoshika nyuzi. Kateni masafa yaliyo chini ya Hz 100, la sivyo spika zitavuma. Ngalabi, ngoma ndefu ya Buganda, ikilegezwa na unyevu, ianikeni juani. Moto wa karibu hupasua ngozi.